Flashi, baiskeli na maduka mawili: shajara ya kusawazisha mafaili

Jumamosi, 4 Januari 2025

Leo flashi imevuka reli mara nne, na mara ya nne imerudi na faili siyo. Mteja alikuwa amekaa kwenye benchi tangu saa nne asubuhi akingoja kadi za harusi. Dada yangu, anayeshika duka la Chumbageni, alikuwa amesharekebisha jina la baba wa bwana harusi. Mimi huku Ngamiani nikachapa kadi 150 zenye jina la zamani. Karatasi nene, zile za kung'aa. Hasara yangu.

Basi naanza kuandika hapa ninachofanya, ili nikikwama nijue nilipita wapi.

Hali ilivyo: steshenari mbili za familia hapa Tanga. Ngamiani nina kompyuta mbili za mezani. Moja kuukuu ina Windows 10, nayo ndiyo ya daftari la madeni na skana. Ya pili nimeiwekea Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, kwa sababu Windows ilikuwa inaielemea. Chumbageni kuna kompyuta moja ya Windows. Ipo laptopu yangu, na simu mbili za Android tunazopigia picha za pasipoti na za shughuli. Jumla vifaa sita. Kinachoviunganisha ni flashi moja ya GB 32 inayosafiri mfukoni mwa mdogo wetu juu ya baiskeli. Baiskeli haina kosa lolote, huu ni mji wa baiskeli. Kosa ni kwamba kila safari lazima mtu akumbuke anakili faili lipi, kutoka wapi, juu ya lipi.

Jumatatu, 6 Januari

Nimepima njia tatu.

Ya kwanza, hifadhi za mtandaoni. Google Drive inatoa GB 15 bure, lakini ndani yake imo na barua pepe. Dropbox bure ni GB 2 na vifaa visivyozidi vitatu, mimi nina sita. Linaloniumiza zaidi ni bando. Faili lipande mpaka kwenye kompyuta za watu ng'ambo, kisha literemke tena, na mashine zenyewe mbili ziko meza moja. Nalipia kwenda, nalipia kurudi, kwa safari ya hatua tatu.

Ya pili ni rsync, programu ya kunakili mafaili. Hii naipenda. Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996, na ujanja wake ni kutuma vipande vilivyobadilika tu badala ya faili zima. Lakini ina mwelekeo mmoja: unaiambia toa hapa peleka pale. Ukikosea mwelekeo, la zamani linalifunika jipya, yaani ni ile ile flashi yetu ila ina mbio. Na dada hataandika amri kwenye dirisha jeusi. Nilimwonyesha, akaniambia, "Baba wee, mimi nina wateja."

Ya tatu ni Syncthing, programu ya kusawazisha mafaili. Aliianzisha Jakob Borg wa Sweden mwaka 2013, ni bure na msimbo wake uko wazi. Haina hifadhi ya katikati. Mashine zinazungumza zenyewe kwa zenyewe, na mazungumzo yamefungwa kwa usimbaji. Kila mashine ina kitambulisho chake, makundi manane ya herufi na tarakimu saba saba, na mashine mbili hazipeani kitu mpaka kila moja imkubali mwenziwe. Kama posa: upande mmoja hauozi.

Nimechagua hiyo.

Jumamosi, 11 Januari

Nimeiweka kwenye kompyuta mbili za hapa. Inafunguka ndani ya kivinjari, anwani 127.0.0.1:8384. Nimetengeneza folda tatu: Kazi, Picha, Madeni. Nikapeana vitambulisho, nikakubali pande zote, nikakaa kungoja.

Hakuna kitu. Saa nzima zimenuniana.

Nilibadili waya, nikazima ruta nikawasha, nikadhani ni Linux. Kumbe ni Windows. Siku nilipounganisha ruta mara ya kwanza iliniuliza mtandao huu ni wa umma au wa nyumbani, nami nikabonyeza tu chochote ili iondoke. Ikauweka kuwa wa umma, na faiawoli ikasimama mlangoni kama bawabu asiyejua wageni wa mwenye nyumba. Nikaugeuza kuwa mtandao binafsi, nikaruhusu bandari, yaani milango ya kompyuta kwenye mtandao: 22000 ya kupitisha data na 21027 ya kuulizana nani yupo. Kabla sijanyanyuka kitini mafaili yakaanza kumiminika.

Jambo la kufurahisha: nilichomoa waya wa intaneti kwenye ruta, yakaendelea. Ndani ya duka moja haili bando hata senti.

Jumatatu, 13 Januari

Kuna mafaili 11 yamegoma kutoka Linux kwenda Windows. Mdogo wetu huandika saa kwenye majina, "Kadi ya Maulidi 20:30". Linux inakubali nukta mbili katika jina, Windows haikubali, wala haitaki alama ya kuuliza, nyota, wala alama za kunukuu. Tumeandika karatasi ukutani: herufi, namba, kistari. Basi.

Jumamosi, 18 Januari

Chumbageni imeingia. Dada ameikubali mashine yangu kwa simu huku akinisomea herufi za kitambulisho, tukacheka maana tulifika mwisho tukagundua tumeruka kundi zima. Ingetosha kunipigia picha msimbo wa QR.

Baina ya maduka sasa ni intaneti ya simu pande zote mbili. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo mashine zangu haziwezi kuonana ana kwa ana, zinapitia kwenye vituo vya kupokezana vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea. Hawawezi kusoma kilichomo, lakini mwendo ni wa kobe. Faili la kadi linafika ndani ya dakika. Picha za harusi ya jana, GB 6 na ushei, zilikuwa zinasonga huku bando la wiki linayeyuka. Nikasimamisha.

Nimefikiri usiku. Folda ya Picha isishirikiwe moja kwa moja kati ya maduka. Nimeishirikisha Ngamiani na laptopu, kisha laptopu na Chumbageni. Laptopu ikiwa kwenye ruta ya hapa inajipakia yenyewe. Jioni mdogo wetu anaitia begani, anavuka reli, ikifika kwenye ruta ya dada inashusha. Ni dau: linapakia Pangani, linashusha Tanga, na nahodha hahitaji kujua kila gunia lina nini.

Dada akauliza swali la haki. "Sasa mmetoka kwenye flashi mkaingia kwenye laptopu. Tofauti iko wapi?" Tofauti ni kwamba hakuna anayechagua cha kunakili. Na ikichelewa siku mbili hakiharibiki kitu, kwa sababu kila faili lina historia ya nani alilibadilisha na mara ngapi, na programu inatazama historia hiyo, haifuniki jipya kwa la zamani kwa kuwa tu la zamani limefika sasa hivi. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi ndani ya gunia. Sawa.

Jumamosi, 25 Januari

Simu. Programu rasmi ya Syncthing ya Android imesitishwa, toleo la mwisho lilitoka Desemba 2024. Bahati mbaya ya kuanza mradi mwezi mmoja baadaye! Ipo Syncthing-Fork inayoendelezwa na wengine, inapatikana F-Droid, duka la programu huria za Android. Nimeiwekea masharti: ifanye kazi kwenye Wi-Fi tu. Folda ya kamera ya kila simu sasa inaingia kwenye Picha bila waya.

Nimeacha nje ya mfumo folda ya skana. Humo mna vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na hati za viwanja vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwapo, sitaki cheti cha mtoto wa mtu kizagae kwenye simu ambayo mdogo wetu anaichezea gemu. Zinabaki kwenye kompyuta moja, na mteja akishaondoka zinafutwa.

Alhamisi, 6 Februari

Leo nimeaibika.

Mwalimu mmoja, mteja wetu wa mitihani ya majaribio, alikuwa anadaiwa shilingi 46,000. Jumamosi iliyopita alipita kwangu akalipa 30,000, nikaandika kwenye daftari la Madeni mbele yake. Leo kapita Chumbageni kutoa kopi, dada kafungua daftari, kamdai 46,000. Mbele ya wateja. Mwalimu kasema kwa upole, "Mama, mimi nimeshalipa kwa mdogo wako." Dada kanipigia. Nimefungua daftari langu: 46,000. Malipo hayapo. Na mimi nakumbuka mkono wangu ulivyoyaandika.

Nimepekua folda mpaka nikaona faili la pili ambalo hakuna aliyeliumba: "madeni.sync-conflict-20150101-021640" kisha herufi saba za mashine. Ndani yake malipo ya mwalimu yapo, na ya watu wengine watatu.

Faili la namna hiyo hutokea pale watu wawili wanapobadilisha faili moja kabla ya mashine zao kukutana. Programu haithubutu kuchanganya, inaacha moja lishike jina na lingine inalibandika jina la mgongano. Jumamosi ile bando langu liliisha mchana. Dada akawa anaandika kwake, mimi kwangu, na kila mmoja anaamini yuko kwenye daftari lile lile.

Lakini hiyo 2015? Duka hili mwaka 2015 lilikuwa genge la nazi.

Ijumaa, 7 Februari

Nimepata. Jumamosi umeme ulikatika pia. Kompyuta yangu kuukuu ina betri ya saa iliyokufa, ile bapa ya CR2032 kwenye ubao mkuu. Umeme ukikatika inasahau tarehe, inaamka Januari 1, 2015. Kwa kawaida intaneti huirekebisha, ila siku hiyo bando halikuwapo. Nikaandika malipo ya mwalimu "mwaka 2015". Na kanuni ya mgongano ndiyo hii: lenye tarehe ya kale zaidi ndilo linalopokonywa jina. Kwa hiyo langu, ingawa liliandikwa baada ya la dada, likashindwa kwa miaka kumi. Na jina la mgongano likagongwa muhuri wa saa ile ile mbovu.

Fundi saa kaniuzia betri kwa shilingi 2,000. Nimeibadilisha, nimezima kwenye soketi dakika 20, nimewasha, tarehe ipo.

Ningeweza kuishia hapo na kusema tatizo ni betri. Siyo. Hata saa zote zingekuwa sawa, bado moja ya daftari mbili lingepokonywa jina. Angeumia mdaiwa mwingine badala ya mwalimu, basi.

Jumapili, 9 Februari

Tumekaa kwa mama, mtaa wa Makorora, mimi na dada, baada ya chakula. Nilikuja na mpango wa kompyuta, tukaishia kuzungumza kuhusu watu.

Mwezi mzima nimekuwa nikidhani shida yetu ni kusafirisha. Dada ndiye aliyesema neno lenyewe, tena hakuwa anazungumzia mafaili. Alikuwa anamkumbusha mama jinsi marehemu baba alivyokuwa na daftari moja la duka na kalamu moja iliyofungwa uzi. Ukitaka kuandika unakwenda kwenye kalamu. Nikasema hiyo kalamu ndiyo tuliyoipoteza. Tulipokuwa na flashi, anayeishika flashi ndiye aliyekuwa na haki ya kuandika, bila sisi kujua kwamba hiyo ni kanuni. Nilipoiondoa flashi nikaondoa na kanuni, kila mtu akawa na kalamu.

Tuliyokubaliana:

Daftari ligawanyike. Ngamiani ina lake, Chumbageni ina lake. Lililo langu, kwenye mashine ya dada folda yake nimeiweka iwe ya kupokea tu, na lililo lake kwangu vivyo hivyo. Anaweza kulisoma. Akiandika kwa bahati mbaya, maandishi hayatoki nje ya mashine yake. Faili la tatu linazisoma zote mbili na kujumlisha kila mdaiwa, na hakuna anayeandika humo kwa mkono. Mteja wa Ngamiani akilipa Chumbageni, dada anaandika malipo kwenye la kwake kwa jina la mteja, hesabu inakutana kwenye jumla.

Kadi na mabango: aliyepokea oda ndiye mwenye faili mpaka lichapwe. Jina la faili linaanza na N au C. Ukitaka kugusa la mwenzio, piga simu. Simu ya nusu dakika.

Mama kauliza kama hiyo kompyuta haiwezi kujua yenyewe nani ana haki ya kuandika. Nimemwambia haiwezi. Kasema, "Basi haina akili nyingi hivyo mnavyosema."

Jumamosi, 15 Februari

Siku za Shaaban, kila mtu anaoza kabla ya mfungo. Kadi juu ya kadi. Hakuna mgongano hata mmoja.

Kaja pia mzee mmoja na mfuko wa kanda za kaseti, taarab ya harusi za nyumbani kwao, enzi ambazo Black Star na Lucky Star walikuwa wakitikisa mji huu. Anataka ziingie kwenye kompyuta. Kwa ubora wa CD kila dakika ni MB 10 na ushei, kanda ya saa moja inapita MB 600. Hizo zinapanda dau. Nilijaribu kumwekea zote kwenye flashi katika faili moja kubwa lililobanwa, ikakataa nusu ya safari: flashi ilikuwa na muundo wa zamani wa FAT32, nao haubebi faili moja lifikalo GB 4. Nimeibadili kuwa exFAT. Mzee alikaa kusikiliza upande wa kwanza wote, kazi nyingine zikasimama, na sikuwa na haraka ya kumwinua.

Jumamosi, 22 Februari

Simu ya mdogo wetu ilijaa. Akafanya linalofanywa na kila mtu, akafuta picha za zamani. 1,240. Zikafutika kwenye laptopu, kwenye kompyuta zangu mbili, na laptopu ilipofika Chumbageni zikafutika na huko. Waja leo waondoka leo, picha nazo zimeshika usemi wa mji.

Sikumkaripia. Nilimwambia mwenyewe kwamba picha "ziko kote". Akaelewa kwamba akifuta kwake zitabaki kote. Ndivyo lugha inavyosema. Lakini kusawazisha ni kufanya pande zote ziwe sawa, na kufuta nako ni badiliko kama mengine.

Tulichookoka nacho: kwenye Linux nilikuwa nimewasha utunzaji wa matoleo kwenye folda ya Picha, siku 30. Kinachofutwa kutoka kifaa kingine hakitoweki, kinahamia folda iliyofichika, .stversions. Zote zilikuwamo. Kwenye folda ya Kazi sikuwa nimewasha, kwa uvivu tu. Nimewasha leo, mashine zote. Na nimejifunza kwamba inatunza kile kinachofutwa na wengine. Ukifuta wewe mwenyewe kwenye mashine yako, hapo hapo pako hapatunzwi kitu.

Nimebadili pia mpangilio. Sasa kuna Gati na Ghala. Simu zinashusha picha kwenye Gati tu. Kila jioni, kazi yangu ya mwisho ni kuzihamisha kutoka Gati kwenda Ghala, ambayo simu haina habari nayo. Nikihamisha, Gati inakuwa tupu, utupu huo unasafiri mpaka kwenye simu, nafasi inarudi. Ile tabia iliyotuumiza asubuhi ndiyo inayosafisha simu jioni. Hili limenifurahisha kuliko mambo yote ya mradi huu, nimemweleza hata muuza kahawa.

Ijumaa, 28 Februari

Ratiba za futari. Oda kutoka kwa wenye maduka, kila mmoja anataka jina lake juu na namba ya simu chini. Dada katengeneza kiolezo kimoja, C mwanzoni, mimi nanakili na kubadilisha kichwa. Saa tisa aligundua kosa la dakika kwenye Magharibi ya siku moja, akarekebisha, akapiga simu. Nilipofungua lilikuwa limeshafika. Nilikuwa nimechapa sita tu.

Ijumaa, 14 Machi

Diski ya nje ya TB 1. Mfumo wa kusawazisha si nakala ya akiba, nilishaonja. Kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali naichomeka kwenye Linux, rsync inanakili Ghala, Kazi na madaftari, kisha naichomoa na inakwenda Makorora kwenye kabati la mama, chini ya vitenge. Ikikaa imechomekwa dukani, radi moja ya masika inachukua kompyuta na diski kwa pamoja.

Nilijaribu kwanza kuifanya diski kuwa folda ya Syncthing moja kwa moja. Nilipoichomoa, ukurasa ukawa mwekundu na kijana wa dukani akaja mbio kwamba mfumo umekufa. Haukufa. Ndani ya kila folda kuna alama, .stfolder. Isipoiona inasimama na kulalamika, badala ya kudhani kila kitu kimefutwa na kuwatangazia wengine wafute. Busara nzuri, ila nyekundu kila wiki ingewazoesha watu kupuuza nyekundu. Nimerudi kwenye rsync.

Jumamosi, 5 Aprili

Baada ya Idi. Nimejumlisha madaftari ya Machi yote mawili na dada yuko kwenye simu, tukapitia mdaiwa mmoja mmoja. Imetoka tofauti ya shilingi 1,500, tukaipata: mimi nimeandika "Mama Asu", yeye "Mama Asuu", jumla ikawahesabu watu wawili.

Yaliyobaki: orodha moja ya majina ya wadaiwa, ya kuchagua badala ya kuandika. Mwenye orodha atakuwa dada. Na simu ya pili inamaliza chaji kabla ya Alasiri. Nitaiwekea sharti isawazishe ikiwa kwenye chaja tu, nione wiki ijayo.

Mwalimu kamaliza deni lake. Kalipia Chumbageni, akaomba risiti.